Ile ya Kulia

Kompyuta yako ingeweza kuwa inafuka moshi, yeye asingeigusa kabla hujajibu swali lake. Angevuta kiti, angekaa, angetoa miwani mfukoni na kuifuta kwa ncha ya shati, kisha angekutazama wewe, siyo mashine. "Ya mwisho urifanya ni nini?" Hivyo hivyo, kwa Kiswahili akikuuliza mimi, na r yake pale palipotakiwa l. Na wewe, kama watu wote, ungejibu, "Sikufanya kitu."

"Sawa," angesema. "Sasa nambie ya mwisho urifanya."

Ofisi nzima tulimwita Muzehe, kama watu wa Kigali wanavyomwita mwanamume mtu mzima wanayemheshimu. Jina lake ninalijua, lakini siliandiki hapa. Nilishamharibia vya kutosha.

Tulikuwa studio ndogo Remera, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Tulirekodi masomo ya sauti kwa ajili ya watoto wasioona. Wasomaji walisoma kwenye kile chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, na mimi nilihariri: nilikata vikohozi, nilikata kelele za pikipiki, nilikata kila mahali msomaji alipokosea akaanza upya, mpaka somo likasikika kama limesomwa na mtu ambaye hajawahi kukosea maishani. Muzehe alitunza mashine zote. Alikuwa peke yake katika kazi hiyo na hakuwahi kulalamika, ila kuhusu vumbi. Vumbi alilichukia kabisa. Alikuwa na brashi ya rangi, ile ndogo ya kupakia madirisha, na kila asubuhi aliipitisha kwenye matundu ya seva huku akiguna.

Alikuwa mtu wa kompyuta asiyeziamini kompyuta. Namba za simu aliandika kwenye karatasi. Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu, ameligawa kwa rula safu nne: siku, nani, mashine gani, na safu ya mwisho aliyoipa jina "Ya mwisho". Humo aliandika jibu la lile swali lake. Siku moja bosi wetu, mama mmoja aliyekulia Uganda, mkali kama pilipili, alimletea kompyuta yake iliyozimika ghafla. "Sikufanya kitu," akasema bosi. Muzehe akaigeuza juu chini, na soda ikachuruzika polepole mpaka kwenye kiatu chake. Hakucheka. Aliandika kwenye safu: "Soda ya chungwa." Bosi mwenyewe ndiye aliyecheka, mpaka akakaa chini.

Nilimuuliza mara moja kwa nini hawakemei watu wanaomdanganya. Mimi ningewakemea, mdomo wangu haukuwahi kuwa na breki. Akaniambia, "Tizedi, mutu iko na uwoga. Ukimukemea, ataficha zaidi. Na mimi nitatafuta mahari haiko."

Tizedi ndiye mimi. Ndivyo walivyowahi kuwaita Wanyarwanda waliotoka Tanzania, na mimi nilikulia Ngara, nikaja Kigali nikiwa mtu mzima, Kinyarwanda changu kikiwa cha kuokoteza. Ukiongea Kinyarwanda cha namna hiyo dukani, muuzaji anakuonea huruma anakujibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo hili la lugha yapasa nilieleze vizuri, maana ndipo aibu yangu ilipoanzia.

Muzehe alikuwa na Kinyarwanda chake na Kifaransa chake cha shule. Kiswahili alikiokota ujanani kwa madereva wa malori. Hakukihitaji kwa mtu yeyote pale ofisini isipokuwa mimi. Siku yangu ya kwanza aliniona nikihangaika kutafuta neno la Kinyarwanda la "ufunguo", akanigeukia akasema, "Sema Kiswahiri, mimi iko nasikia." Tangu siku hiyo hakuniongelesha kingine. Alizungumza lugha yangu kwa ajili yangu, kwa shida, mwaka hadi mwaka, kusudi mimi nisijione mgeni.

Na mimi nikamfanya kichekesho. Nilikuwa najivunia Kiswahili changu, kwa sababu Kigali hakuna kingine nilichowazidi watu. Saa ya chakula alikuwa anasema, "Twende kura," nami nainua mkono juu: "Nampigia nani, Muzehe?" Watu walikufa kwa kicheko. Nilimwiga alivyosema "seriva", nilimwiga alivyosema "iko" kwa kila kitu, watu, mvua, njaa. Yeye alicheka pamoja nasi. Ila alikuwa anachelewa kidogo kucheka, nusu sekunde hivi, kama mtu anayesubiri kuona wengine wanafanya nini. Niliiona hiyo nusu sekunde. Niliona na nikaendelea.

Nilikijua kile Kiswahili chake kama ninavyojua kiganja changu. Hakuwa na "inayo" wala "linalo". Kwake bomba linalovuja lilikuwa "bomba ya kuvuja", taa inayowaka "taa ya kuwaka", simu inayoita "simu ya kuita". Nilikuwa naiga hata hilo. Nataka ieleweke mapema kabisa kwamba nilijua anavyosema.

Alivyonieleza kazi yake, nilielewa mara moja, jambo ambalo hakuna kitabu kilichoweza kunifanyia. Alinipeleka kwenye kile chumba chembamba chenye feni, akagonga mashine moja kubwa. "Hii ni nyumba," akasema. "Ndani iko wapangaji wane." Seva nne za kufikirika, zinazoishi ndani ya mashine moja ya kweli: mmoja wa barua, mmoja wa tovuti, mmoja wa kazi za ofisi, na mmoja, mkubwa kuliko wote, wa sauti. Kila mpangaji anadhani ana nyumba yake peke yake. Kumbe wote wanalala juu ya diski nne zilizopangwa safu moja, na kila faili limechanwa vipande vipande na kugawiwa kwenye hizo diski, kama kurasa za kitabu kimoja zilizogawiwa watoto wanne. Mtoto mmoja akiugua, watatu waliobaki wanaweza kukisia kurasa zake. "Na wawili wakiugua?" nikauliza. Akapiga makofi mara moja, kama mtu anayefukuza vumbi mikononi. "Hapo iko kwisha."

Mkewe alikuwa mmoja wa wasomaji wetu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, nasi tulimwita Mwalimu. Alikuja kila Jumanne na Alhamisi, kitambaa kichwani na chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi, akasoma masomo ya darasa la kwanza kwa sauti iliyofanya hata mimi nisiyejua Kinyarwanda vizuri nikae kimya nisikilize. Pale ofisini walijifanya hawajuani. "Mwaramutse, Mwarimu," Muzehe anamwamkia kwa heshima zote, mtu aliyeamka naye kitanda kimoja, na Mwalimu anaitika bila kutabasamu. Saa ya kutoka walishuka ngazi mmoja mbele mwingine nyuma. Lakini ukichungulia dirishani, utawaona wakifika kituo cha basi Muzehe ndiye amebeba chupa.

Mwalimu alikuwa na kosa moja la usomaji: hakulificha kosa. Wasomaji wengine wakiteleza wanarudia sentensi haraka haraka. Yeye alisimama, akasema kwenye kinasa sauti, taratibu, kana kwamba darasa zima liko mbele yake, "Nakosheje. Reka nsubiremo." Nimekosea, ngojeni nirudie. Kila mara. Nami kila mara nilikata.

Aliugua muda mfupi akafariki. Muzehe alikaa nyumbani siku za msiba, akarudi kazini na brashi yake. Ijumaa ya kwanza nikamkuta ameweka spika za masikioni. "Ninajaribu mufumo," akasema. Ijumaa iliyofuata tena. Kila Ijumaa alijaribu mfumo wa sauti, na kila Ijumaa aliujaribu kwa somo lile lile, la kuku na vifaranga vyake, lililosomwa na Mwalimu. Dakika tano na kidogo. Kisha anavua spika, anaandika kwenye daftari, "Iko sawa."

Nilimwambia, achukue nakala basi aende nayo nyumbani, nani atajua? Akanitazama kama nimemwambia aibe. Faili la ofisi halitoki ofisini. Mtu huyu huyu aliyetuimbia wote kwamba kitu cha thamani kinawekwa mahali patatu, sauti ya mkewe aliiacha mahali pamoja kwa sababu haikuwa mali yake. Bakapu ya ofisi, ile diski ya kuwekea nakala, ilikuwa imejaa tangu kabla Mwalimu hajaanza kurekodi. Muzehe alikuwa ameandika barua kuomba nyingine, akaandika tena, bosi akasema watalitazama.

Sasa nifike pale nisipopenda.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, wakati nchi nzima iko nje na majembe na magari hayatembei mpaka saa tano. Mimi nilikuwa nimeukwepa. Niliingia ofisini mapema kabla watu hawajatoka, nikajifungia, nikajiambia nina kazi. Kwenye saa tatu nikasikia kitu kinagonga kwenye chumba cha seva. Tik, tik, tik, kama ukucha juu ya meza. Nikampigia Muzehe. Alikuwa mtaani kwake Busanza, kwenye mtaro na majirani zake, nyuma yake kelele za majembe na watu wakiitana.

"Ni diski," nikamwambia. "Inalia. Sikiliza." Nikasogeza simu kwenye mashine.

"Ee, ninasikia," akasema. "Iko moja ya kuriya. Usiogope. Zingine iko nzima. Toa ire ya kuriya, weka mupya, iko kwenye kabati."

Zilikuwa diski nne zimesimama safu. Ya pili kutoka kushoto ilikuwa na taa nyekundu. Taa niliiona, siwezi kusema sikuiona. Lakini mimi nilikuwa nimesikia "ya kulia", mkono wa kulia, na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri: leo Muzehe kapatia. Nikaivuta ya mwisho upande wa kulia.

Ile ya kulia. Ile inayolia. Mtoto wa Nyamirambo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, angeelewa. Mimi, bingwa wa kumwiga, sikuelewa.

Feni ziliendelea, tik tik ikaendelea, na kila kitu kingine kikafa. Skrini ikawa nyeusi. Nikairudisha ile diski haraka, kama mtoto anayerudisha sahani aliyokatazwa, na skrini ikawaka na swali: diski hii itachukuliwa kuwa mpya, endelea? Sikusoma mara mbili. Nilitaka tu irudi kama ilivyokuwa. Nikabonyeza ndiyo. Mstari ukaanza kutambaa kwenye skrini, na nilipoelewa kwamba inaisafisha, inaifuta kuanzia mwanzo, nikang'oa waya wa umeme ukutani kwa mikono miwili.

Simu ikaita. "Umetoa ya kuriya?"

"Nimetoa ya kulia," nikasema.

"Asante, Tizedi. Nakuja."

Alifika mara tu pikipiki ziliporuhusiwa, buti zimejaa tope, kofia ya jua mkononi. Alivua buti mlangoni kwa ajili ya vumbi. Alivuta kiti, akafuta miwani, akanitazama. "Ya mwisho urifanya ni nini?"

"Nilitoa ya kulia kama ulivyosema," nikasema. "Nikairudisha. Sikufanya kitu kingine."

Akageuka kuzitazama diski. Akaitazama taa nyekundu, akautazama mkono wangu ulivyokuwa unaonyesha upande mwingine, na nikaona jinsi neno lilivyomfikia. "Oo," akasema. "Ya kuriya." Soksi zake zilikuwa zimelowa. Sikumwambia habari ya lile swali wala ndiyo yangu. Nilikuwa na nafasi, alinipa hata muda, alifuta miwani mara ya pili.

Jumatatu bosi alituita wote. Alitaka mtu wa kubeba mzigo, na mzigo wenyewe nusu ulikuwa wake, wa ile bakapu, kwa hiyo alitaka ubebwe haraka. Akaniuliza mimi kwanza. Nikasema nilifanya nilichoambiwa, neno kwa neno. Ningeishia hapo ningekuwa mwoga tu. Lakini nikaongeza, "Kiswahili chake ndicho hicho, bosi, mnakijua wenyewe." Mtu mmoja akacheka. Nilimwangushia jumba bovu mzee wa watu, tena kwa kichekesho changu kile kile cha saa ya chakula.

Muzehe safari hii hakucheka, hata kwa kuchelewa. Alisema, "Ni kweri. Ni mimi nirisema vibaya."

Alipewa muda wa kurudisha anachoweza. Nimewahi kuona watu wakifanya kazi kwa bidii, sijaona kama ile. Alizichomoa diski zote, akazibandika namba kwa plasta ya dawa, akaanza kutafuta mpangilio: ipi ilipewa ukurasa wa kwanza, ipi wa pili, kila kipande kina ukubwa gani. Alijaribu mpangilio mmoja, akaandika daftarini, akajaribu mwingine. Ile mgonjwa, yenye tik tik, ilikuwa bado ina pumzi. Aliitumia hiyo kwa majaribio, akiichosha ili kuzitunza zile tatu nzima. Nzima, maana mimi ndiye niliyemwambia ni nzima.

Mpangaji wa barua akarudi. Wa tovuti akarudi. Wa kazi za ofisi akarudi, na bosi akapiga makofi. Wa sauti hakurudi. Alirudi na faili zisizo na majina, vipande vinavyokwaruza, sekunde mbili za mtu huyu na nusu ya neno la yule. Muzehe akaanza kuchimba, na baada ya siku kadhaa akaja kwenye meza yangu na daftari.

"Ire ya mwisho upande hii," akasema, na nikagundua kwamba hakutaja upande, alionyesha kwa kidole, "mwanzo yake, mahari ya sauti, iko tupu. Iriandikwa juu. Baada ya kufa. Diski haiwezi kujiandikia." Akavuta kiti. "Tizedi. Ya mwisho urifanya ni nini?"

Hakuwa ananituhumu. Alikuwa anaomba. Nikamtazama usoni nikasema, "Nilikwambia, Muzehe. Sikufanya kitu."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda kuirudia ile diski mgonjwa, kwa sababu sasa ndiyo pekee iliyokuwa na zile kurasa za mwanzo. Nilimsikia akiichomeka, akiichomoa, akiichomeka. Haikuzunguka tena. Ilikuwa imekata roho kwenye majaribio. Angejua siku ile ya kwanza, angeanza kwa kuinakili hiyo mgonjwa, kabla ya kitu kingine chochote. Nililielewa hilo nikiwa nimekaa pale pale, mita tano kutoka kwake, na spika za masikioni zisizocheza kitu.

Mkataba wake ulipoisha hawakuuongeza. Alituaga kwa kutushika mikono mmoja mmoja, akaniachia brashi ya vumbi. Mimi! Nilipoguswa na ule mkono nilitaka sakafu ipasuke.

Kisha ikapita miaka. Niliacha kazi ile, nikapata nyingine, nikajifunza Kinyarwanda cha kutosha kugombana sokoni. Kuna mambo mawili sikuwahi kumwambia mtu. La kwanza mmeshalijua. La pili ni kwamba kwenye kompyuta yangu ya mkononi, tangu siku zile, kulikuwa na folda ya takataka: vipande nilivyovikata kwenye masomo, ambavyo programu yangu ilivihifadhi bila kuniuliza. Niliikuta mwaka ule ule wa ajali. Nilifungua faili moja nikamsikia Mwalimu akivuta pumzi, nikaifunga. Kuipeleka kwa Muzehe kungekuwa kumwambia na lile lingine, kwa maana angeniuliza, na mimi sikuwa na uongo wa tatu. Kwa hiyo nilikaa nayo. Nilimnyima mwanamume sauti ya mkewe mara mbili, ya pili kwa makusudi.

Kilichonitoa ni mtu niliyekutana naye Kibagabaga kwenye harusi, aliyefanya kazi nasi zamani. Akaniambia Muzehe macho yanafifia, anaishi kwa binti yake Busanza, kompyuta hazigusi tena. "Hata Kiswahili ameacha," akasema, akicheka. "Anasema Kiswahili chake kiliua seva." Nilirudi nyumbani bila kula keki. Jumapili nikampigia simu.

Aliijua sauti yangu. "Tizedi!" Alifurahi kabisa, na furaha ile ilinichoma. Nikamsalimu kwa Kinyarwanda changu, akakisifu, kisha akahamia kwenye Kiswahili, kwa ajili yangu, kama zamani. Lakini alikuwa anaongea polepole, akilitua kila neno kama anashusha mayai. Akanielekeza nyumbani kwao. "Ukitoka kwenye lami," akasema, "shika njia ya mkono wa kuume."

Nikamwomba arudie.

"Mkono wa kuume," akasema. "Siyo kushoto."

Hakuna mtu Kigali anayesema kuume. Ni neno la kwenye vitabu. Muzehe alikwenda akalitafuta, mzee yule wa macho mabovu, akalitia kinywani badala ya lile lingine, ili asije akampoteza mtu tena.

Nilimkuta amekaa barazani kwa binti yake, sweta limefungwa vifungo vyote, miwani minene. Binti akatuletea chai ya maziwa, akaingia ndani. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima. Badala yake nilitoa spika za masikioni, nikamvalisha mwenyewe, nikabonyeza simu nilikohamishia ile folda.

Ninavijua vile vipande kwa moyo. Karatasi inageuzwa. Mwalimu anakohoa. Mwalimu anasoma nusu ya sentensi kuhusu kuku, anateleza, anasimama. "Nakosheje. Reka nsubiremo." Halafu kipande kingine, somo jingine. "Nakosheje. Reka nsubiremo." Masomo yake mazuri yote yalipotea. Yalibaki makosa tu, na yeye akiyakiri, moja baada ya jingine, bila haraka.

Muzehe hakusogea. Aliweka mikono miwili juu ya spika kama anazizuia zisiruke. Iliposimama, akazivua, akafuta miwani kwa ncha ya sweta. Nilijua swali linalokuja. Sikumsubiri aulize.

"Muzehe, ya mwisho niliyofanya siku ile," nikasema. "Skrini iliniuliza kama diski ni mpya, nikabonyeza ndiyo. Ikaanza kufuta, nikang'oa waya. Ulipokuja sikukwambia. Uliponiuliza tena sikukwambia. Na lile neno lako, nilijua unavyosema. Miaka yote nilikuwa nakuiga, nilijua. Taa nyekundu niliiona. Hukusema vibaya." Nilikuwa naongea na kikombe, siyo na yeye. "Na hizi sauti nimekaa nazo miaka yote. Niliona haya kuzileta."

Utando ulijikunja juu ya chai. Kisha akanyanyuka, akaingia ndani akipapasa ukuta, akarudi na daftari la bluu. Alilisogeza karibu na pua, akapekua, akanipa limefunguka. Ilikuwa siku ile ya umuganda. Nani: Tizedi. Mashine: seva ya sauti. Ya mwisho, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka: "Nilisema vibaya."

"Yeye arienda," akasema, akiwa na maana ya mkewe, "hiyo ni ya Mungu. Rakini sauti yake, mimi nirijua ni mudomo wangu iriua. Kira siku nirijua hivyo." Ile lugha ya mayai ilikuwa imemtoka, r zote zilikuwa zimerudi. "Ungesema, ningeanza na ire ya kuriya."

"Najua."

"Ningemupata."

"Najua, Muzehe."

Hakusema amenisamehe. Nami sikumwomba, sikuwa na uso huo. Alinipa kalamu. Nilikata maneno yake kwa mstari mmoja, nikaandika pembeni: "Tizedi alibonyeza ndiyo, akaficha." Akalichukua daftari, akalisoma akiwa amelibana na pua, akalifunga. Kisha akaomba nimchezee tena tangu mwanzo, tukakaa vile mpaka binti yake akaja kuchukua vikombe.

Hapa mgeni husindikizwa, hata mgeni wa namna yangu. Alichukua fimbo yake tukatembea mpaka kona ya nyumba, spika bado zinaning'inia shingoni mwake. Sikudai anirudishie, nilikuwa nimempa na simu yenyewe, na nakala nyingine mbili kwa binti. Hakunishika mkono. Alisimama akitazama upande ambao barabara iko, ingawa sidhani kama aliiona.

"Nenda moja kwa moja," akasema. "Ukifika rami, kata kuriya."

Nikamwitikia. Nikashuka peke yangu mpaka kwenye lami, nikaenda kulia.